Mbege ya Mama Elia

Nimeanza kumwandika mtu huyu mara nyingi nikachana, kwa sababu kila nikianza anatokea mtu mwema kuliko alivyokuwa. Hakuwa mwema kiasi hicho. Alikuwa mkali, aliringia kofia yake, na mtu akimkatiza katikati ya maneno aliweza kumnunia tangu mavuno ya kahawa hadi Pasaka. Lakini nikishaandika ukali wake nakumbuka kwamba nimekaa kwenye kihamba tulichobaki nacho kwa sababu yake, na kwamba yeye cha kwake hakubaki nacho. Basi mkono unalegea, sifa zinamiminika, nachana tena. Mimi ndivyo nilivyo. Hata barua ya kumwomba mwenye duka anitunzie sabuni naiandika upya.

Tulimwita Baraza. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la ukoo pia, lakini tangu alipochaguliwa kuingia katika baraza la usuluhishi la kijiji chetu, huku Kirua Vunjo, watu waliacha kuyatumia. Wazee wengine wa baraza walikuwepo, nao walibaki na majina yao. Yeye peke yake aligeuka kikao. "Unakwenda wapi?" "Kwa Baraza." Hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Wakiwa wawili alimwita jina jingine, ambalo nililisikia siku moja nikipitia uani na sitaliandika.

Kesi zake karibu zote zilikuwa za ardhi. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, kihamba ni kile kipande cha mlimani chenye migomba juu, mibuni chini yake, nyumba katikati, ng'ombe bandani, na makaburi ya wenye nyumba hapo hapo kando. Mtu anaishi hapo na anazikwa hapo. Ndiyo maana watu wanaogombea kihamba hawagombei kahawa tu. Wanagombea mahali watakapolala wakifa, na mahali watoto wao watakaposimama kusema, huyu ndiye baba.

Kwa nafsi yake alitaka jambo moja. Mkewe alipofariki alimzika nyuma ya nyumba, mahali ambapo asubuhi jua hupenya kati ya migomba. Saruji wakati ule ilikuwa ya kibali, akaipata kwa shida, akajenga kaburi mwenyewe, likaegemea kidogo upande mmoja. Tulipokwenda kumpa pole alituonyesha ardhi iliyokuwa ubavuni. "Na mimi nitakuwa hapa," alisema, kwa sauti ile ile ya mtu anayeonyesha kiti chake kanisani. Wote tulijua ndivyo itakavyokuwa.

Kabla hajaingia kwa mtu, alikohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, ni cha kupiga hodi. Alisimama kwenye masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda kuonyesha mpaka, akakohoa hadi mtu atoke. Isale kwetu lina heshima. Aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba radhi, huwezi kumfukuza. Baraza hakuweza kulivuka bila kibali hata kama kuku wake mwenyewe amevuka na yeye anamfuata. Alimwacha kuku ng'ambo, akakohoa.

Kwenye kesi hakupenda hotuba. Watu waliokuja na ukoo wao tangu babu wa babu aliwaacha waseme mpaka wachoke, kisha akanyanyuka. "Nimeshiba maneno. Nionyesheni udongo." Wote walitoka, walalamikaji na wazee wa baraza na wake zao na watazamaji, wakatembea mpaka mzima kwa miguu. Kwa desturi wenye kesi huleta mbege kwa ajili ya wazee, na mbege, kama kila mtu wa huku ajuavyo, ni pombe yetu ya ndizi na ulezi. Baraza hakuinywa. Aliwapa kibuyu wagombanao wenyewe, anywe mmoja, ampe mwenzake. Asiyepokea kutoka mkono wa mwenzake, kesi haijaisha. Siku moja mzee mmoja alikaa na kibuyu mkononi jua likazunguka, hataki kukitoa.

"Kikiganda mkononi si utakwenda nacho kulala?" Baraza alimwuliza.

"Nitakwenda nacho."

"Mkeo atalala wapi?"

Watu walicheka, na yule mzee naye akacheka kabla hajajizuia. Kibuyu kikatoka.

Lakini hakufanikiwa kila mara, na hapa ndipo huwa nadanganya ninapoandika. Kulikuwa na ndugu wawili waliogombea kihamba cha baba yao. Baraza alikigawa nusu kwa nusu, sawasawa, akapanda masale mwenyewe. Mstari wake ulipita mahali ambapo mke wa ndugu mkubwa alikuwa akipita kwenda kuchota maji mferejini. Tangu siku ile mama yule alilazimika kuzunguka hadi barabarani na ndoo kichwani. Alikwenda kulalamika, akafukuzwa.

"Nikibadili moja leo, kesho watakuja wote," Baraza alimwambia.

"Unapima kama mtu asiyewahi kubeba maji," mama yule akamjibu, akaondoka.

Baraza alinuna. Alinuna hata kanisani, tulimwona. Kisha asubuhi moja tukakuta upenyo kwenye yale masale, umekatwa kwa panga, wa kutosha mtu na ndoo yake. Baba yangu alimwuliza kama anajua nani amekata.

"Ng'ombe wamepita," Baraza alisema.

"Ng'ombe mwenye panga?"

"Siku hizi kuna ng'ombe wa kila namna."

Wale ndugu hawasemezani hadi leo. Upenyo upo, na mama yule anapita, lakini mume wake na shemeji yake wakikutana njiani mmoja hujifanya anafunga kamba ya kiatu. Baraza aliijua aibu hiyo. Alikuwa akipita njia ya mbali ili asiwapitie.

Mimi nilimfahamu kwa karibu kwenye kisomo. Nilimaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, nikaendelea peke yangu kwa vitabu vya kuazima, bila mtu wa kuniambia kipi nimeelewa na kipi nimejidanganya. Kijiji kilipoanzisha madarasa ya elimu ya watu wazima nilipewa kufundisha, na nilikuwa naogopa mpaka chaki inaloa jasho. Siku ya kwanza Baraza aliingia, akavua kofia, akakaa mbele.

"Baba, wewe unajua kusoma," nilimwambia.

"Najua. Nimekuja wenzangu waone kwamba dawati haliumi."

Ndani ya darasa aliniita Mwalimu. Nje, wiki za mwanzo, aliniita wewe mtoto. Baadaye Mwalimu lilimzoea likatoka nje naye. Nilikuwa na tabia ya kuandika ubaoni, kutoridhika, kufuta, kuandika tena. Alivumilia siku chache. "Mwalimu, unafuta kabla hatujaona. Likishatoka liache." Nilicheka kwa adabu nikaendelea kufuta. Nilimwonea wivu, kusema kweli. Mimi nikisema neno narudi nyumbani nikilisahihisha kichwani hadi usingizi unapotea. Yeye alisema neno akaliacha hapo, kama mtu aliyetua mzigo mahali pake.

Sasa lazima nieleze ile mbege, maana bila hiyo mtu atadhani alinyang'anywa na watu wabaya, na si hivyo.

Tangu zamani, asiyekuwa na kihamba aliazimwa na mwenye vingi. Alijenga, akapanda, akazaa. Ila kila mwaka alimpelekea mwenye ardhi chungu cha mbege. Thamani yake haikuwa kitu, lakini maana yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: bado nakumbuka kwamba hapa ni kwako. Upande wetu wa chini karibu nyumba zote zilikuwa za kuazimwa. Babu yangu alipeleka chungu, baba akarithi kupeleka. Baraza naye aliazimwa kihamba chake kabla ya Uhuru, na mume wa Mama Elia, jirani yetu wa juu ya barabara. Mume huyo alifariki, chungu kikawa kinapokelewa na mjane.

Zilipokuja siku za Ujamaa, kiongozi wa chama alikuja akahutubia kwenye uwanja wa shule. Alisema ardhi ni ya taifa, na wa kuitumia ni yule anayeilima, na kwamba haya mambo ya kupelekeana pombe ili mtu aruhusiwe kulima ni ubwanyenye. Wazee walitazamana. Baraza akasimama kutafsiri kwa Kichagga, na tafsiri yake ilikuwa fupi kuliko hotuba.

"Anasema ile mbege basi."

Uwanja ulilipuka. Baba yangu, ambaye si msemaji, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na mimi?"

"Na wewe. Usipeleke tena. Wakija kuandika, simama kwenye ardhi yako useme unacholima. Nani alimpa babu yako, hujaulizwa."

Wakaja maofisa wa wilaya na kamba zao, kihamba kwa kihamba, na Baraza akitangulia, anakohoa kwenye kila isale. Wote wa upande wa chini waliandikwa, yeye akiwa mmojawapo. Wale waliokuwa wakipokea vyungu walichukia. Mmoja alimsimamisha njiani. "Umetunyang'anya kwa mdomo." Baraza akamjibu, "Nimewapunguzia ulevi." Lilikuwa jibu baya, alilisema mbele ya watoto wa mtu yule, na sidhani kama aliwahi kulijutia.

Mwaka ule ule, ndizi zilipokomaa, mama yangu alikwenda kwa Baraza kuazima kinu akamkuta mkewe anasaga ulezi kwa hasira. Alikuja nyumbani akatusimulia maneno yao, na mama yangu akisimulia haongezi chumvi.

"Juzi shuleni ulisema mbege basi."

"Nilisema."

"Na huu ulezi ninausaga wa nini?"

"Wa Mama Elia."

"Baraza, una vichwa vingapi?"

"Kimoja. Ndicho kinachokuomba usage."

Akapeleka. Mwaka uliofuata akapeleka. Alikwenda mchana, barabarani, chungu kichwani kama mwanamke, kila mtu anaona. Mama Elia aliionja akakunja uso. "Mwaka huu mbege ni chungu. Mkeo amezeeka?" Yeye akajibu, "Wewe ndiye ulimi umezeeka." Wakakaa barazani, mama anakunywa, yeye hanywi. Nadhani hayo maneno walirudia kila mwaka, na hakuna kati yao aliyetaka kuyabadilisha.

Nilimwuliza siku moja baada ya kisomo kwa nini anafanya aliyotukataza. Nilikuwa na umri wa kupenda kumkamata mtu mzima katika kosa. Hakukasirika. Alisema, "Yule mama amezoea kuipokea. Nikiacha, atadhani mumewe amekufa tena."

Mkewe alipofariki tulidhani itakoma. Alikuja kumwomba mama yangu ampikie. Mama alipika, kila mwaka, hadi mwaka wa mwisho wa Mama Elia.

Elia alirudi kumzika mama yake akakaa. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa huko chini, kazi ikaisha, akarudi na mke na watoto wanne wa kiume. Nyumba ya mama, kwa mila yetu, ilikuwa ya mdogo wake, kitinda mimba. Mtoto wa kwanza hupewa kihamba kingine cha baba, na kihamba kingine cha baba kilikuwa kile alichokaa Baraza. Elia hakuwa mtu mbaya. Naandika hili kwa shida, maana ingekuwa rahisi kwangu awe mbaya. Alikuja kwa Baraza na jani la isale mkononi, akasimama nje, akasubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Elia. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Mzee, sikuja kukufukuza. Nimekuja kukuuliza. Mama kabla hajafa alinionyesha chungu akaniambia, hiki ni cha kihamba cha chini. Mimi nina vijana wanne na sina pa kusimamisha hata banda la kuku."

"Nenda kwenye baraza," alimwambia. "Mimi sitakaa kwenye kiti siku hiyo."

Kesi ilisikilizwa darasani, kwenye chumba kile kile nilichofundishia. Watu walijaa mpaka madirishani. Baraza alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda juu, na kiti chake cha kawaida mbele kiliachwa wazi. Nilijipa moyo. Alikuwa ameandikwa na wilaya kama sisi wote. Miaka aliyoishi pale ilikuwa mingi kuliko umri wangu. Na mwenyekiti alikuwa rafiki yake. Kila mtu aliona kwamba mwenyekiti anatafuta mlango wa kumtolea.

"Mzee," mwenyekiti alianza, "swali ni moja. Mbege ulikuwa unapeleka?"

"Nilikuwa napeleka."

"Hata baada ya serikali kukataza?"

"Hata baada."

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Sasa, jirani kumpelekea mama mjane kinywaji si dhambi. Tunafanya wote. Labda ilikuwa zawadi tu, ya ujirani."

Baraza alitakiwa aseme ndiyo. Neno moja, na angebaki na nyumba, na mibuni, na ile ardhi ubavuni mwa mkewe. Niliona watu wa upande wa chini wakiinama mbele kana kwamba wanamsukuma. Mama mmoja nyuma akashindwa kuvumilia: "Baraza, kohoa tu! Kohoa unyamaze!"

Hakukohoa.

"Haikuwa zawadi," alisema. "Ilikuwa ya kihamba. Marehemu aliipokea hivyo, na mimi niliipeleka hivyo." Kisha akageuka, akawatazama wale wazee waliokuwa wakipokea vyungu vya kina baba yangu, ambao walikuja wote na walikaa mstari mmoja wakisubiri. "Wenzangu wa upande wa chini waliacha. Vihamba vyao ni vyao, mmesikia? Mimi sikuacha. Msichanganye."

Wazee wa baraza walitoka nje wakaongea kwenye bustani ya shule. Waliporudi, mwenyekiti hakuweza kumtazama. Alisema mtu aliyekiri mwaka baada ya mwaka kwamba ardhi ni ya mwenzake, baraza haliwezi kumkania kwa niaba yake. Atavuna kahawa ya msimu ule, kisha atamwachia Elia.

Elia alikuja akamshika mkono. Alikuwa analia, huyo aliyeshinda. Na Baraza akamwomba pale pale, mbele yetu, lile jambo moja.

"Nitaondoka, Elia. Ila nikifa, unirudishe kwa mke wangu pale nyuma."

Elia alifuta macho. "Mzee, kaburi moja nimelikuta. Nitalitunza kama la mama yangu. La pili siwezi. Wajukuu zako watakuja kusimama juu yake waseme ni kwao, na wanangu watakuwa kwenye baraza hili hili."

Nilitaka mtu amzomee Elia. Hakuna aliyemzomea, kwa sababu Baraza mwenyewe aliwahi kuzuia mazishi ya namna hiyo, kwa maneno karibu hayo hayo. Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwa Elia.

"Ndivyo," alisema. "Ningekuwa kwenye kiti ningesema hivyo."

Baba yangu hakula siku ile. Kesho yake alikwenda kumwambia achague kona yoyote ya kihamba chetu, ajenge, aishi, azikwe na sisi. Alirudi upesi. Mama alimwuliza amejibiwa nini, naye akakaa kwanza.

"Amesema, 'Nilale kwako nifanye nini? Mke wangu yuko kwa Elia.'"

Baraza alivuna kahawa yake yote, hata ile ya chini ya majani ambayo watu huwaachia ndege. Alipogoa mibuni. Alifunga migomba nguzo kama mtu anayetegemea kuwepo mvua zikija. Watu walimwona mjinga. Kisha akashuka Chekereni, tambarare, kwa binti yake mdogo aliyeolewa huko kwenye mpunga. Mabinti wawili tu ndio aliobarikiwa, na kwetu mzee kwenda kukaa nyumbani kwa mkwe wake ni jambo ambalo watu hulisema kwa kushusha sauti.

Nilishuka kumwona mwaka jana. Nilibeba ndizi na kibuyu cha maziwa mgando, na nilibeba habari. Baba na wenzake wa upande wa chini walikuwa wamekubaliana kwenda mahakama ya mwanzo kumtetea, wasimame mmoja mmoja waseme ile mbege waliiona na ilikuwa ya ujirani tu. Kilichobaki ni yeye kukubali. Njia nzima, kwenye gari, nilipanga maneno ya kumwambia, nikayapangua, nikayapanga.

Nilimkuta kwenye ukingo wa jaruba, amekaa juu ya gunia, anafukuza ndege wasile mpunga. Alikuwa amekonda na ngozi imekuwa nyeusi kwa jua la huko. Mlima ulikuwa nyuma yake, mzima, bila wingu, jinsi ambavyo sisi tunaoishi juu yake hatuuoni kamwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu. Mmeamkaje huko juu? Kaa, lakini si hapo, hapo kuna siafu."

Nilimweleza habari yangu yote. Nadhani nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa. Alisikiliza huku macho yako kwenye mpunga.

"Wataniuliza nini huko mahakamani?"

"Kama ilikuwa zawadi."

"Na mimi niseme?"



Aliokota bonge la udongo, akalirusha, ndege wakaruka wakaenda kutua jaruba la jirani. "Wasalimie sana. Baba yako hasa. Waambie nimezeeka, siwezi kujifunza jibu jipya."

"Basi utazikwa wapi?" Liliponyoka. Katika maneno yote niliyoyapanga hilo halikuwemo.

"Hapa hapa. Usharika wana makaburi ng'ambo ya mfereji mkubwa. Nimeshamwonyesha binti yangu." Alionyesha kwa kidevu. Niliona ardhi tupu, nyasi kavu na misalaba michache ya mbao. "Panafaa. Maji hayafiki."

Binti yake alituletea chai isiyo na sukari, maana sukari haikuwepo. Tulikunywa. Aliniuliza habari za ng'ombe wetu, za ugonjwa wa kahawa, za yule mama wa ndoo. Nilijibu moja moja nikiogopa, kwa sababu nilijua tunaelekea wapi.

"Na kule nyuma ya nyumba?"

Jibu la swali hilo nililitengeneza tangu nyumbani: pamefagiliwa, pana maua. Lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama nikashindwa kulitoa.

"Mke wa Elia amepanda magimbi," nilisema. "Kaburi hajaligusa, baba, analifagia. Ni pale ubavuni."

Ndege walikuwa wamerudi. Hakuwarushia kitu. Aliwaacha wakae kwenye mpunga wa mkwe wake, wengi, hadi binti yake aliyekuwa uani akapiga kelele kuwafukuza.

"Yameota?"

"Yameota."

"Majani mapana?"

"Mapana, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu.

"Mwambie asiyavune mapema," alisema. "Pale yananenepa sana. Ayape muda."